Fundi Aliyeziogopa Bolti

Wapo mafundi ukiwapelekea gari wanakutoa wasiwasi. Wanacheka, wanalipiga boneti kofi, wanakwambia, "Sista, hii ishu ndogo, kakae kivulini." Fundi wangu wa breki hakuwa wa hivyo. Ukifika kwake umetulia, unaondoka umejaa wasiwasi. Mie nilikuwa nafika nimeshaogopa tayari, maana kila siku ya shule nabeba watoto tisa na hata mmoja si wangu. Sasa fikiria sie wawili tukikutana, nani wa kumtuliza mwenzake.

Nitamwita Fundi, kama nilivyomwita miaka yote. Kwao wapi, baba yake nani, sijui na sikuwahi kuuliza. Alikuwa na kibanda cha mabati Chang'ombe, kimeegemea ukuta wa kiwanda, na mashine za kiwandani zikiwashwa spana zake zilikuwa zinacheza zenyewe juu ya meza. Alishughulika na breki tu. Ukimwambia injini haina nguvu, anakwambia, "Gari lisiloondoka haliui mtu, mama. Hilo peleka kwa wengine." Basi unalisukuma gari lako unaondoka nalo.

La kwangu ni kipanya, kibasi kidogo cha zamani kilichopita mikono mingi kabla hakijanifikia. Asubuhi nawachukua watoto Pugu, nyumba kwa nyumba, nateremka nao mteremko kwenda Gongo la Mboto, halafu moja kwa moja mpaka chekechea yao Chang'ombe. Mchana nawarudisha. Sina kazi nyingine. Wazazi wamenipa watoto kwa kuniamini tu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuinama kutazama chini ya gari.

Fundi alikuwa hapandi gari ambalo breki zake hajazigusa kwa mikono yake. Si mzaha, hapandi. Kazini anakwenda kwa miguu na kwake Temeke anarudi kwa miguu, mvua au jua, anatembea kapakana na ukuta kabisa, chokaa inabaki kwenye bega la shati. Siku moja nilifanya kosa la kufuatana naye kwenda kunywa chai ng'ambo ya barabara. Tulisimama pale mpaka nikachoka. Kila gari likipita anasikiliza, anasema kwa sauti ya chini, "Huyo kushoto hana pedi za breki. Huyo diski imepinda. Huyo, Mungu amsaidie." Nilipoona watu wanavuka wanacheka zao, nikamwuliza mbona wao hawaogopi. Akasema, "Wao hawasikii." Chai tuliinywa, lakini toka siku hiyo na mie nikawa nasikia, na nimemlaumu sana kwa hilo.

Alikuwa na spana moja ya pekee, ndefu, ina kipimo shingoni. Ukikaza bolti ikafika kiasi chake, spana inatoa mlio mmoja, tak, na hapo unaacha. Aliifunga kwenye kipande cha kanga, akaifungia sandukuni, na hakumwazima mtu. Mafundi wa jirani walimcheka. Wao walisema bolti ya breki inakazwa mpaka ilie. Yeye akawajibu kwamba bolti ikilia inakuaga. Mie niliona ni maneno ya mtu mzima anayependa kubishana. Ningemsikiliza siku hiyo, leo nisingekuwa na haya ya kusimulia.

Tena alikuwa na mtindo wake mmoja niliouchukia. Akishamaliza kazi yote, kabla ya kukaza bolti ya mwisho, anasimama na ile spana mkononi, anasema, "Nitajie." Umtajie majina ya watu utakaowabeba. Mara ya kwanza nilidhani ni dua ya kwao. Nikamtajia: Najma, Brayani, Zuhura, Neema, wale mapacha, mpaka wakatimia tisa. Nilipofika kwa Zuhura nililitaja jina mara mbili, kwa sababu Zuhura hukaa mbele karibu na mimi na hunishikilia gauni tukishuka mteremko. Fundi akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akakaza. Nikamwuliza, "Ni dua gani hii?" Akasema, "Si dua. Nataka usikie unabeba nani." Nikamwambia najua ninaowabeba. Akasema, "Kujua unajua. Ila ulikuwa hujaogopa bado."

Msije mkadhani alikuwa malaika. Alikuwa mwongo wa wazi. Ukija siku ambayo hataki kufanya kazi, atakwambia pedi hazipo mji mzima, na wewe unaziona zimepangwa nyuma yake. Ukimwonyesha, hana hata haya. "Zile si za leo," anasema. "Leo mkono hauna amani." Na hasira alikuwa nazo. Mteja mmoja alimletea pedi bandia na kumlazimisha azifunge. Alizirusha juu ya ukuta wa kiwanda, zikaangukia huko ndani, akamwambia akazidai kwa mlinzi. Halafu mtu mzima yule, mwenye mvi, alipenda singeli kuliko vijana. Redio yake ilikuwa inapiga singeli toka asubuhi mpaka adhuhuri, kwa sauti ya kukukosesha akili, na yeye amelala chini ya gari anapumua taratibu. Akisikia adhana anaizima, akitoka kuswali anaiwasha tena kwa sauti ileile.

Kubwa kuliko yote nililiona kwake nyumbani. Mkewe alinialika siku ya Idi, nikaingia jikoni kumsaidia kupakua pilau. Nikaona mpira wa gesi umepasuka, umefungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, na juu yake waya. Na jiko linawaka. Nilitoka nje na bakuli mkononi. Nikamwambia, "Fundi, wewe unanitisha mie kwa bolti, na ndani mwako umefuga bomu?" Akaangalia chini, akasema, "Mama, mtu ana woga wa kutosha kitu kimoja tu." Mkewe akacheka mpaka akafuta machozi. Kesho yake nilipeleka mpira mpya mwenyewe, nikasimama pale mpaka nikahakikisha umefungwa.

Sasa nifike kwenye jambo langu, ambalo ndilo limenifanya nimweleze mtu huyu.

Ilikuwa Jumapili. Pedi za mbele zilikuwa zimekwisha, na mie nikaona kwenda Chang'ombe ni usumbufu. Nilishamtazama Fundi akibadilisha mara nyingi, nikasema kazi yenyewe hii hii, nitaifanya hapa Pugu uani kwangu. Nikamwita jirani yangu, dereva wa lori la mchanga, anisaidie. Kaliper, kile chuma kinachoshika pedi na kuibana diski ili gurudumu lisimame, hushikiliwa na bolti mbili, ya juu na ya chini. Tukazifungua, tukabadilisha pedi, tukarudishia. Wakati wa kukaza, jirani akachomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana ili nguvu iongezeke. "Hizi za breki, sista, mpaka zilie," akasema. Tukaanza na ya chini, ikalia. Tukaja ya juu, ikalia nayo. Nikamwambia ongeza kidogo, tuna mteremko sie. Ni mie niliyesema, si yeye. Akaongeza, na ile bolti ya juu ikawa laini.

Mtu ambaye hajawahi kusikia bolti ikilainika mkononi sijui nimwelezeje. Umesukuma kwa nguvu zote na kitu kinakataa, halafu ghafla hakikatai tena. Inazunguka tu. Zile nyuzi za ndani ya tundu, ile mistari ya chuma inayoing'ang'ania bolti, zimenyolewa zote. Jirani hata hakushtuka. Alichukua kopo la soda, akalikata kwa mkasi, akatoa kipande chembamba, akakikunja ndani ya tundu, akairudisha bolti juu yake. Ikashika. Akaitikisa, ikatulia. "Umeona? Hiyo hata mwaka inakwenda."

Nilijua si kweli. Hilo nalisema bila kujitetea. Lakini kesho yake ilikuwa Jumatatu, watoto wanangoja magetini na begi zao, na mie sikutaka kwenda kusimama mbele ya Fundi kumwambia nilichofanya. Nikaogopa aibu kuliko nilivyoogopa mteremko. Nikawabeba Jumatatu, nikawabeba Jumanne, nikawabeba Jumatano. Nashuka kwa gia ya pili, jasho linanitiririka mgongoni, na wao nyuma wanaimba. Zuhura kanishika gauni. Jumatano hiyo, tukiwa katikati ya mteremko, nilikanyaga breki nikasikia kok, na usukani ukavuta upande. Nikakanyaga tena: kok, kok. Neema akauliza, "Anti, nani anabisha hodi?" Nikamwambia aendelee kuimba. Tuliteremka polepole mno, malori nyuma yetu yanapiga honi na matusi, mpaka nikawashusha wote shuleni.

Nikaenda kwa Fundi moja kwa moja. Akainua gari kwa jeki, akatoa gurudumu, akaingiza mkono. Akaitoa ile bolti ya juu, na kipande cha kopo kikatoka nacho kimejikunja, rangi nyekundu ya soda bado inaonekana. Mie nilikuwa nimekaa juu ya tairi la akiba, nikaziba uso kwa ncha ya mtandio. Nilingoja anitukane. Nikafunua uso. Alikaa chini kwenye vumbi na shati lake jeupe, akakishika kile kipande kiganjani, akaomba maji. Akanywa nusu kikombe.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Tatu."

"Na watoto?"

"Na watoto."

Akanieleza kwa sauti ndogo, bila kuniangalia. Bolti ya juu ikichomoka, kaliper inabaki na ya chini peke yake. Ya chini ikishindwa, kaliper inabebwa na gurudumu, inagonga rimu, mpira wa breki unakatika, oili inamwagika, na kanyagio linazama mpaka sakafuni. "Na wewe uko mteremkoni," akasema. Hapo ndipo nikalia. Yeye aliingiza ufunguo wangu mfukoni, akasema leo mkono hauna amani, nirudi kesho, na kwamba watoto watafute usafiri mwingine.

Kesho yake alikuwa ameshakitoa kile chuma kizito kinachobeba gurudumu, ndicho chenye yale matundu mawili, amekifunga kwenye jiriwa. Aliniambia nishike kopo la oili. Alitoboa tundu lililokufa likawa kubwa zaidi, polepole, anasimama kila mara kuhakikisha drili haijalala upande. Halafu akachukua tapu, kile chuma cha kukatia nyuzi mpya. Alikizungusha nusu mbele, robo nyuma. Nusu mbele, robo nyuma. Kila hatua ananinyoshea mkono nitie tone la oili. Kikikatikia ndani, alisema, chuma chote kimekufa, na cha gari la zamani hivi ukikipata kwenye spea za mtumba nacho kitakuwa kimeliwa. Siku hiyo redio ilikuwa imezimwa. Nilimwona shingo imemsimama mishipa, na ndevu zinadondosha jasho. Tapu lilipotoka zima alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ambayo hakuitoa hata siku ya Idi. Kisha akafunga humo bushi, kibomba cha chuma alichochongewa na jirani yake mwenye mashine, chenye nyuzi nzuri kwa ndani. Tundu la chini nalo akaliwekea bushi. Nilimwuliza la chini lina nini, akasema, "Tahadhari." Bolti zote mbili zikawa mpya.

Aliponirudishia ufunguo hakuuachia. Mie nimeshika upande huu, yeye upande ule.

"Wazazi wao watajua?" akauliza.

"Nitawaambia, Fundi."

"Waambie. Mtoto ni wao, na hofu nayo ni yao. Usiwanyime."

Nikasema nitawaambia wiki hiyo hiyo. Akauachia.

Sikuwaambia. Nilikwenda mpaka geti la mama Najma, nikaishia kumwambia mwanawe kasahau chupa ya maji. Nilijua nikisema, watawatoa watoto, na mmoja akitoka watatoka wote, maana akina mama wa Pugu wanasimuliana. Nikasema moyoni gari limeshapona, ya nini kuwatisha watu. Siku zikawa miezi, ikawa miaka mitatu. Breki za gari langu alizifanya yeye tu muda wote huo, na kila nikienda nakaa pale roho juu, nangoja aniulize. Hakuniuliza. Ananisimamia na spana yake, "Nitajie," nami namtajia, na majina yanabadilika kadiri wakubwa wanavyokwenda shule ya msingi na wadogo zao wanavyoingia. Ningeona afadhali aniulize.

Mwaka huu kibanda kimefungwa. Macho yamemwacha Fundi, hasa la kulia, na mikono imeanza kutetemeka yenyewe bila sababu ya bolti. Nilikwenda kumjulia hali kwake Temeke, alasiri moja. Nilimkuta barazani kwenye mkeka, kavaa shati limepigwa pasi kama kawaida yake. Mkewe akaniletea kiti, akaingia ndani kupika uji.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mama. Gari linasimama?"

"Linasimama."

Halafu akasema, "Wale wazazi uliwaambia?"

Miaka mitatu nilikuwa nimeutengeneza uongo wa siku hiyo, mzuri kabisa, una mpaka majibu ya wazazi ndani yake. Nikaufungulia mdomo, na haukutoka.

"Sikuwaambia."

"Najua. Ungewaambia, ungekuja kunilaumu."

Nikamwomba radhi. Akapunga mkono kama anafukuza nzi. Akasema na yeye ana lake la kusema, na anataka kulisema kabla ulimi haujafuata macho.

"Ile bolti ya chini," akasema. "Siku ile. Hukuona nilivyoitoa."

"Nilikuwa nimeziba uso."

"Sikushika spana. Niliitoa kwa vidole, kama kizibo cha chupa. Mlipoiongezea bomba mliichinja nayo. Ilikuwa imekaa tu, mama. Ya juu imeshikwa na kopo la soda, na ya chini haikushikwa na kitu."

Nilisikia mkewe akikoroga uji ndani, mwiko unagonga sufuria.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umekaa pale juu ya tairi huna rangi. Nikasema nikimpa na hii, ataliuza gari. Na atakayelinunua atakuwa mtu asiyeogopa. Nikaona wale watoto bora wabaki na mwoga." Akafuta jicho lake la kulia kwa kiganja. "Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Lakini kweli yake ni kwamba nami niliogopa. Ningelisema kwa mdomo wangu, ningeliona lile gari linateremka kila nikilala. Na bado naliona."

Uji ukaja. Tulikunywa. Nilipoaga, alinishika mkono, akaukosa mara ya kwanza kwa sababu ya macho, akaupata.

"Ukienda kuwaambia," akasema, "waambie zote mbili."

Kesho yake asubuhi nilianzia kwa mama Najma. Najma siku hizi yuko darasa la tatu, anakwenda kwa miguu na wenzake. Ninayembeba ni mdogo wake, Idrisa, na alikuwa ameshapanda, kakaa pembeni ya mlango na begi lake mapajani. Nilizima injini. Nikashuka, nikamwambia mama yake kuna jambo la zamani la Najma, nikamwambia lote: bomba, kopo la soda, siku tatu, bolti ya juu na bolti ya chini. Nilisema nimeangalia viatu vyangu. Nilipomaliza nikainua macho.

Hakunitukana. Alipita pembeni yangu, akafungua mlango wa gari, akamshusha Idrisa na begi lake, akamweka kiunoni, mtoto mzito wa miaka mitano ambaye hajabebwa siku nyingi, akaingia naye ndani. Nikasikia komeo la geti.

Nilirudi kwenye usukani. Kisha nikawasha gari kwenda nyumba ya pili.